Siku niliyowapa wazee wa kijiji alama za kununa huku trekta likingoja

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliolala vizuri na mliokesha mkiwaza.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu. Haya ninayoandika yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimeyabadilisha kwa sababu wajukuu wa wahusika wako humu humu, na kununa kwao ni kwa kurithi. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kilichonifanya niandike ni uzi wa kijana mmoja wiki iliyopita. Kamaliza chuo, kapata kazi mbili, hajui achague ipi. Kaweka jedwali. Kila kazi kaipa alama za mshahara, alama za umbali, alama za bosi. Kajumlisha. Zimelingana. Anaomba ushauri wetu.

Nimelitazama lile jedwali nikajiona mwenyewe wa miaka ile.

Kijana, kaa hapa. Ngoja nikwambie.

Mimi ni mtoto wa Manundu, Korogwe. Babu alitoka Songea kuja kukata mkonge, akasema anakaa miaka miwili, hakurudi mpaka anazikwa. Nilisoma, nikamaliza chuo cha kilimo, nikapangiwa Handeni, kijiji kimoja upande wa Kwaluguru, niwe bwana shamba. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, watu wamehamishiwa vijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, baiskeli moja na ndevu saba.

Sasa lazima mjue nilivyokuwa. Siku hizi mnaita overthinking. Sisi wakati ule hatukuwa na jina lake. Mama yangu alisema tu, "Huyu mtoto anatafuna maji."

Niwape mfano mmoja.

Pale kijijini kulikuwa na fundi wa kuezeka nyumba ambaye umri wake haukueleweka. Ukimwona kwa mbele ni rika la kaka yangu. Akigeuka pembeni, ni baba yangu. Nikawaza: nikimpa shikamoo na kumbe tunalingana, nimejishusha mbele ya wananchi. Nisipompa na kumbe ni mkubwa, nimekosa adabu mbele ya wananchi hao hao.

Kwa wiki sita nilikuwa napita nyuma ya ghala, kwenye upupu, ili nisikutane naye.

Siku tuliyogongana uso kwa uso kwenye kona, yeye ndiye aliyenipa shikamoo. Nikaitikia marahaba kabla sijawaza. Usiku huo sikulala. Mpaka leo sijui nani alikuwa mkubwa.

Ndiye mtu waliyewapelekea wananchi awashauri.

Nilikuwa na kinga moja, daftari. Chuoni mwalimu wetu mmoja alitufundisha kwamba uamuzi mgumu usiuache kichwani, uweke kwenye karatasi. Chora safu. Kila jambo lipe alama. Jumlisha. Alisema kichwa kina woga na upendeleo, lakini hesabu haina.

Nililipenda neno lile kupita kiasi. Nilichora safu kwa kalamu nyekundu kwa kila kitu. Kuoga asubuhi au jioni nilipiga hesabu. Jioni ilishinda kwa alama moja. Halafu chini ya kila uamuzi niliacha nafasi ya kuandika, "Kwa nini nimefikiri hivi?" Na chini yake tena, "Na kwa nini nadhani hiyo ndiyo sababu?"

Kuna ukurasa mmoja nilishuka hivyo ngazi nne, nikasahau nilikuwa naamua nini. Nadhani ilikuwa viatu.

Basi. Trekta.

Mwaka ule wilaya ilikuwa na trekta la kuzungukia vijiji kulima mashamba ya kijiji kabla ya masika. Kila kijiji siku moja. Likiondoka kwenu limeondoka, mnaonana nalo mwakani. Na masharti yalikuwa mawili: shamba liwe limechaguliwa, na visiki viwe vimeng'olewa, kwa sababu jembe la trekta likigonga kisiki ndio mwisho wa jembe.

Siku ile moja haikuwa jambo dogo. Mwaka uliotangulia kijiji kililima kwa jembe la mkono, wakachelewa, mvua ikawapita wakiwa katikati. Watu walikula unga wa njano wa msaada mpaka watoto wakausahau mweupe. Nilipofika, kila nyumba niliyoingia walinieleza habari za unga ule kwa sauti ya chini, kama wanamtaja marehemu asiyependwa.

Ukafanyika mkutano. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu, akasimama akasema, "Ndugu wananchi, shamba la kijiji liwe wapi? Tunaye msomi. Bwana Shamba atachagua, sisi tutalima."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikalishika daftari.

Mahali palipofaa palikuwa patano. Na hapa ndipo penyewe, wakuu, msiparuke. Kabla ya kuhamia kijijini, watu wale walikuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo na kwao. Kila mzee aliyaacha mahame yake, nyumba imebomoka, miembe na minazi imebaki, na moyo wake umebaki hukohuko. Kila sehemu kati ya zile tano ilipakana na mahame ya mzee fulani.

Bonde, lenye udongo mweusi na kijito pembeni, lilikuwa upande wa Mzee Mhina, mwenyekiti. Shamba la juu, lenye changarawe, lilikuwa upande wa Mzee Semdoe. Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu ujana wao, kwa sababu ya mbuzi mmoja ambaye kila upande ulikuwa na historia yake. Sehemu tatu zilizobaki zilikuwa za wazee wengine watatu.

Nililizunguka eneo lote kwa baiskeli siku mbili. Nikachukua udongo, nikaufinyanga mkononi, nikaunusa. Nikarudi nikachora safu tano: udongo, maji, umbali, wanyama waharibifu, na ya mwisho nikaiita "mengineyo".

Nikajumlisha. Kumi na tisa, ishirini, ishirini, kumi na tisa, ishirini.

Nikajumlisha upya kwa kalamu ya bluu. Vilevile.

Sasa mtu mwenye akili timamu angerusha shilingi. Mimi nikasema data haitoshi, ngoja nikusanye maoni ya wazee. Nikaenda kwa wazee wote watano, mmoja mmoja. Kila nilipofika nilisalimu, nikakaa, nikala nilichopewa, nikauliza swali moja kwa wote ili utafiti uwe wa haki: "Mzee, ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Kila mmoja alinijibu bila kusita. Kila mmoja alitaja upande wa kwao. Na kila mmoja alifurahi sana, akanisindikiza mpaka njiani. Mzee Semdoe alinipa na mkungu wa ndizi, nikaufunga kwenye baiskeli nikiwaza jinsi watu wa huku walivyo wakarimu.

Kwa mzee mmoja nilikwenda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilisahau kuandika.

Wiki ile kijiji kilikuwa kimya ajabu. Alfajiri watu wanatoka na mashoka na sururu, makundi makundi, kila kundi na njia yake. Jioni wanarudi wamechoka, wananipungia mkono kwa bashasha. Niliandika kwenye daftari: "Mwamko wa wananchi ni mkubwa. Chanzo hakijulikani."

Wakuu, chanzo kilikuwa mimi.

Siku ya trekta ikafika sijaamua. Nilikuwa nimepanga kuamua asubuhi hiyo nikiwa na akili mpya. Saa moja nasikia mngurumo. Dereva aliitwa Yosefu, mtoto wa Korogwe kama mimi, babu yake naye wa mkonge. Akanitazama kutoka juu kule.

"Haya, mtoto wa Manundu. Wapi?"

"Karibu kwanza unywe chai, kaka."

"Chai nimekunywa. Jioni nalala kijiji cha pili. Na siwezi kuzima, betri imekufa, nikizima mtasukuma nyie. Kwa hiyo kila unaponikaribisha chai, dizeli inakwenda. Wapi?"

Nikageuka kutazama kijiji. Kutoka pande tano walikuwa wanakuja watu. Kila kundi mbele yake mzee, kila mzee anampungia dereva amfuate.

Mama Zaina, mwenye nyumba wangu, alikuwa kasimama kando yangu. Alikuwa mjane, ndiye aliyekuwa akinipikia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hawa wanakwenda wapi?"

"Wamekuja kukuonyesha walipong'oa visiki. Si uliwaambia?"

"Mimi? Niliwauliza tu maoni."

Akanitazama kama mtu anayetazama ugali ulioungua. "Kwa mzee mtu haendi kuokota maneno kama anaokota kuni, mwanangu. Ukikaa kwake ukamuuliza ufanye nini, akakwambia, unakwenda kufanya. Kama hutaki kufanya unapita, unamsalimia, unaendelea na safari yako. Wewe ulikwenda kwa wangapi?"

"Watano."

"Haya basi."

Kwetu Manundu unauliza watu kumi bei ya samaki na hununui kwa yeyote, hakuna anayekasirika. Nilidhani na ushauri ni hivyo.

Tukakusanyika kwenye banda la darasa la watu wazima. Trekta likinguruma nje, wazee wanapaza sauti kulishinda.

Mzee Semdoe ndiye aliyeanza. "Bwana Shamba alikuja kwangu Jumanne. Kala muhogo wangu. Nikamwambia ni kule juu. Hawa wengine wametumwa na nani?"

"Kwangu alikuja Jumatano," akasema Mzee Mhina. "Neno la mwisho ndilo neno."

"Kama ni la mwisho, kwangu alikuja Ijumaa," akasema mwingine nyuma.

"Kwangu alikuja mara mbili," akasema yule wa kurudiwa, tena kwa maringo.

Yosefu akachungulia dirishani. "Nimezunguka vijiji vingi sana. Kijiji kimoja chenye mashamba ya kijiji matano ndio nakiona leo."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana Shamba, sema. Umeandika nini humo?"

Watu wote wakalitazama daftari. Nilikuwa nimelikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Nikalifungua. Mistari inacheza, sioni hata jina langu.

Mama Zaina akanyoosha mkono. "Lete nikusomee. Na mimi nifanye zoezi."

Mjue kwamba Mama Zaina alikuwa mwanafunzi hodari wa lile darasa. Miezi mitano tu tangu aanze, na alikuwa anasoma kila kitu kilichomkalia mbele. Boksi la sabuni, gunia la mbolea, kibao cha ghala. Alikuwa anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, hana haraka.

Na mimi hapo nikafanya hesabu ya haraka kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikawaza: mwandiko wangu ni wa kuunganisha, yeye kazoea herufi za kuchapwa. Ukurasa mmoja atachukua saa nzima. Katika saa hiyo mimi nitapata muda wa kufikiri.

Nikampa.

Ningekuwa nimetoka nyumbani bila nguo ningekumbuka mapema kuliko nilivyokumbuka kilichoandikwa kwenye safu ya tano.

"Sha-mba la ju-u," akaanza. "U-do-ngo, ta-no. Ma-ji, mbi-li."

Watu wa Mzee Semdoe wakaguna.

"Me-ngi-ne-yo." Akavuta pumzi. "M-ze-e M-hi-na a-ta-nu-na. To-a ta-tu."

Vichwa vyote vikamgeukia mwenyekiti.

"Kasema nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Kasema shamba likiwa kule juu, wewe utanuna. Basi anatoa alama tatu."

Mzee Semdoe akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Toa tatu," anasema, "toa tatu, jamani." Akapiga paja.

Mama Zaina hakukoma. Mwanafunzi mzuri haishii nusu. "Bo-nde. U-do-ngo, ti-sa. Ma-ji, ti-sa. U-mba-li, sa-ba. Wa-nya-ma, ta-no. Me-ngi-ne-yo: M-ze-e Se-mdo-e a-ta-nu-na. To-a mbi-li. Wa-tu wa-ta-se-ma ni-na-m-pe-nde-le-a mwe-nye-ki-ti. To-a ta-tu. Ni-ta-o-ne-ka-na si-na a-da-bu. To-a ta-tu. Ma-ma ya-ngu a-ta-si-ki-a. To-a mbi-li."

Kicheko cha Mzee Semdoe kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Mimi nanuna?" akawauliza watu. Akamgeukia mkewe aliyekuwa kwenye benchi la kinamama. "Mimi nanuna?"

"Ndiyo, baba Halima," akasema mkewe taratibu, kama anamjibu mtu aliyeuliza kama ni Jumatatu.

Mama Zaina akasoma yote matano. Kila shamba na mnunaji wake. Alipomaliza hakurudisha daftari. Alibaki kaweka kidole kwenye ile safu, uso umekunjamana, kama mtu anayetaka kuelewa kweli.

"Bwana Shamba, nisaidie. Udongo naujua. Maji nayajua. Hiki kununa ni cha aina gani? Kinaotesha mahindi?"

Hakuuliza kunicheka. Aliuliza kwa kuwa alikuwa mwanafunzi na hakuelewa kipengele. Na mimi nilisimama pale, mhitimu, nikafunika na kufunua kalamu yangu nyekundu.

Ndipo wazee wakageuza mambo kwa namna ambayo hakuna safu ingeibashiri. Mzee Semdoe akasimama akanyoosha kanzu yake. "Mimi sinuni," akatangaza. "Trekta liende bondeni kwa Mhina. Mwone kama nitanuna."

Mzee Mhina naye hakukubali kushindwa. "Asiyenuna ni mimi. Liende kule juu, kwa Semdoe."

"Bondeni."

"Juu."

"Nimesema bondeni, mwenyekiti, mbona unataka kunilazimisha?"

"Na mimi nimesema juu, au unataka niandikwe tena?"

Wale watatu nao wakaingia, kila mmoja anaapa kuwa moyo wake mweupe, trekta liende kwa mwenzake. Mmoja akamshika mkono jirani yake na kumvuta atoke akapokee trekta. Jirani akakataa mpaka kofia ikamdondoka.

Yaani asubuhi walikuwa wanagombania trekta, na saa tatu walikuwa wanalisukumiana.

Yosefu akachungulia tena. Safari hii hakutania. "Wazee wangu, shikamooni. Dizeli iliyobaki ni ya siku moja, na siku yenyewe imeanza kuliwa. Nahesabu mpaka jua lifike kwenye lile paa. Sijaonyeshwa shamba, naondoka. Mtoto wa Manundu, wewe ndiye uliyeandikiwa barua ya kazi. Wapi?"

Nikatazama benchi la kinamama. Hawakuwa wanacheka tena. Yule mke wa Mzee Semdoe alikuwa ananitazama, na nikajua anawaza ule unga wa njano.

Wakuu, kilichotokea kichwani mwangu wakati ule ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Nilijiuliza swali moja: kama hakuna mtu yeyote duniani atakayeninunia, ningelima wapi?

Jibu lilikuja kabla swali halijaisha. Bonde. Bila ile safu ya tano bonde lilikuwa na thelathini, na lililofuata halikufika ishirini na nne. Na baya zaidi ni kwamba nililijua tangu siku ya kwanza nilipoufinyanga ule udongo. Wiki nzima sikuwa nafikiri kuhusu shamba. Nilikuwa nafikiri nani atanikasirikia, nikauvalisha woga wangu namba ili ufanane na elimu. Hata ile kuzungukia wazee haikuwa utafiti. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniamulia, ili yakiharibika nimnyooshee kidole.

"Bonde," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikarudia. "Ni bonde. Si kwa sababu ni la Mzee Mhina. Ni kwa sababu ya udongo. Na mtakaoninunia, nuneni tu, lakini njooni na mashoka, kule visiki vimeng'olewa nusu."

Ni kweli. Kundi la mwenyekiti lilikuwa dogo kuliko yote na lilipenda hotuba.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mhina akafungua kinywa kusema kitu, mke wa Mzee Semdoe akaokota shoka, akatoka. Kinamama wakamfuata. Halafu wanaume wakaona aibu kubaki kwenye madawati.

Makundi yote matano yakashuka bondeni. Trekta likaanzia upande uliokuwa safi, na watu wakawa wanang'oa visiki mbele yake, linawakimbiza kama ng'ombe mkali. Sijaona watu wakifanya kazi namna ile kabla wala baadaye. Mzee Semdoe mwenyewe alikitoa kisiki kimoja peke yake na kukitupa pembeni huku akisema kwa nguvu ili asikike, "Na sijanuna."

Jioni Yosefu aliondoka bonde likiwa limelimwa lote isipokuwa kona moja.

Msidhani baada ya hapo tukawa mfano wa wilaya. Mvua ilikuja vizuri, ikakatika mapema, nguruwe pori wakachukua haki yao. Lakini tulivuna. Unga ulikuwa mweupe. Na kwa kuwa yale mashamba manne mengine yalikuwa yameshang'olewa visiki bure, watu wakayalima kwa mkono, wakapanda muhogo na kunde.

Na Mzee Semdoe akanuna.

Alininunia kweli kweli, kwa miezi minne. Nampa shikamoo, anaangalia mawingu. Nikipita anakohoa. Kile kitu nilichokiogopa mpaka nikakifanyia jedwali kilinipata chote, bila punguzo. Siku za mwanzo nilisubiri nife. Kisha nikagundua nakula, nalala, naendesha baiskeli. Ilikuwa tu ni mzee mmoja anaangalia mawingu.

Siku moja baada ya mavuno akaja mwenyewe nyumbani. Akakaa. Akakataa maji.

"Bwana Shamba, nataka nikuulize. Mhina ulimpa tatu. Mimi mbili. Kwa nini?"

Nikaona nimwambie kweli. "Mzee, kwa sababu yeye ni mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimekuja. Wewe ni msomi, lakini ulipima cheo, hukupima kununa. Mhina hanuni hata siku mbili, ukimpa tumbaku kamaliza. Mimi huyu, ndugu yangu wa tumbo moja nilimnunia mwaka mzima. Sasa umeona mwenyewe, miezi minne. Ulikuwa utoe ngapi?"

"Sita, mzee."

"Andika."

Nikachukua daftari, nikafuta mbili, nikaandika sita mbele yake. Akalitazama, ingawa hakuwa anajua kusoma, akaridhika. Ndipo akaomba maji.

Wakuu, tangu siku hiyo sijaacha kufikiri sana. Nisiwadanganye, uzi huu wenyewe nimeuandika mara tatu, nikaufuta mara mbili. Jedwali nalo silibezi, ni chombo kizuri. Lakini chombo kinapima ulichokiweka ndani. Ukiweka woga, kitakupa jumla ya woga, tena kwa usahihi.

Kwa hiyo, kijana mwenye kazi mbili, nimelirudia jedwali lako. Pale kwenye "mengineyo" umeandika, "Mjomba aliyenitafutia ile ya kwanza." Alama umetoa nne. Nakuomba ufute hiyo safu kwa dakika moja tu, ujumlishe, utuletee jibu hapa. Halafu uamue mwenyewe. Ukiamua, nenda kamsalimie mjomba, ukae, ule atakachokupa. Akiangalia mawingu, yaangalie naye.

Na nyinyi wengine, msinipite kimya. Ule uamuzi unaousukuma wiki kwa wiki ukisema bado unatafakari, safu yako ya tano ina jina la nani?

Wale mtakaosema nimeandika refu, nimeshawatolea mbili.